Munganga Becker: alikimbia vita Oicha, akaanzisha hospitali Nyankunde

Nyankunde, kilometa 45 hivi kutoka mji wa Bunia, katika wilaya ya Irumu, inajulikana mbali kwa sababu ya hospitali yake. Aliyeongoza kazi ya kuianzisha ni Mmarekani Carl Becker, ambaye wagonjwa walimwita tu Munganga.

Becker alizaliwa mwaka 1894 huko Manheim, Pennsylvania. Mwaka 1929 aliacha kazi yake ya uganga mjini Boyertown na kuja Kongo ya Wabelgiji pamoja na mke wake Marie, wakitumwa na misioni ya Africa Inland Mission.

Katika miaka ya 1930 walihamia Oicha, kando ya msitu. Hakungoja majengo makubwa. Alianza kutibu watu katika nyumba za udongo na majani. Wagonjwa wa ukoma, waliokuwa wakitengwa na jamaa zao, walipata kijiji chao hapo, na katika miaka ya 1950 walihesabiwa kwa maelfu. Mganga mmoja hakuweza kuwatosha, kwa hiyo alifundisha vijana wa hapo uuguzi.

Mwaka 1964 vita vya Simba vilimlazimisha kukimbilia Uganda. Umri wake ulikuwa umefika miaka 70, na wengi wangerudi kwao kupumzika. Yeye alirudi Kongo mwaka 1965. Misioni tano za Kiprotestanti zilikubali kuunganisha nguvu: badala ya kila moja kuwa na mganga wake peke yake porini, waganga wakusanyike Nyankunde, wafundishe wauguzi, na ndege ndogo ziwafikishe kwenye hospitali za mbali. Kwa mafunzo hayo alikuja Mwingereza Helen Roseveare, mganga pia.

Becker alistaafu mwaka 1976, akafariki Marekani mwaka 1990.

Septemba 2002, vita vya Ituri viliingia Nyankunde. Raia wengi waliuawa, hata wagonjwa vitandani, na hospitali ikaporwa yote. Walionusurika, wauguzi na wagonjwa pamoja, walitembea kwa miguu siku nyingi hadi Oicha, kule kule Becker alikotoka kwa kukimbia vita miaka 38 mbele yao.

Dawa na vitanda viliibwa, lakini ujuzi walikwenda nao. Waliendelea kutibu watu huko Oicha na Beni, na amani iliporudi, baadhi yao walipanda tena kwenda Nyankunde kuifufua hospitali.