J.M. Kariuki na Majina Mawili Yaliyofutwa

Wavyele walipoamba kuwa mnyonge hana haki, walikuwa wakilieleza jambo ambalo kila mtu alikwisha kulishuhudia barazani. Aliyeiba kuku hufungwa, na aliyeiba boma zima huamkiwa kwa heshima. Hata hivyo, historia ya Kenya inatupa kisa cha mtu ambaye hakuwa mnyonge hata kidogo. Alikuwa mbunge, tajiri, na mwandani wa wakubwa. Alipouawa, Bunge zima lilisimama kudai haki yake, na bado haki hiyo haikupatikana. Mtu huyo ni Josiah Mwangi Kariuki, ambaye umma ulimfahamu kwa herufi mbili tu: JM.

Alizaliwa tarehe 21 Machi 1929 huko Kabati-ini, katika Bonde la Ufa. Wazazi wake walikuwa maskwota waliotoka Nyeri na kuishi katika shamba la mlowezi. Karo ilikuwa adimu, na masomo yake yalikatika mara kwa mara. Yasemwa kuwa ni pesa alizoshinda katika kamari ya mashindano ya farasi ndizo zilizomrejesha darasani. Hatimaye alifika King's College Budo nchini Uganda. Aliporudi nyumbani mwezi wa Oktoba 1952, hali ya hatari ilikuwa imetangazwa siku chache tu zilizotangulia. Alijiunga na harakati za Mau Mau, akatiwa mbaroni mwaka 1953, na kwa takriban miaka saba akahamishwa kutoka kambi moja ya kizuizini hadi nyingine, ikiwemo Manyani, mpaka alipoachiliwa mwaka 1960.

Mateso hayo aliyaandika katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1963. Wapenzi wa Kiswahili watakumbuka kuwa kitabu hicho kilitafsiriwa pia katika lugha yetu kwa anwani ya Mau Mau Kizuizini. Katika siasa za uhuru alikuwa karibu sana na Jomo Kenyatta. Alimhudumia akiwa katibu wake wa binafsi, akachaguliwa mbunge mwaka 1963, na baadaye akawa waziri msaidizi.

Tusimfanye JM malaika. Alipenda maisha ya anasa, alimiliki mashamba na farasi wa mashindano, na mali hiyo aliipata katika mfumo ule ule alioukosoa. Hilo lilimpa usemi wake uzito wa pekee, kwa kuwa aliujua utajiri kutoka ndani. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 alionya kwamba Kenya ilikuwa ikielekea kuwa nchi ya mamilionea kumi na maskini milioni kumi. Aliulizia ardhi iliyoachwa na walowezi, na kwa nini waliopigania uhuru hawakupata hata kipande cha kulima. Alitoa kwa ukarimu katika michango ya harambee, na umaarufu wake ukavuka mipaka ya kabila lake. Kabla ya uchaguzi wa Oktoba 1974 alinyimwa idhini ya kuhutubia mikutano ya hadhara, lakini wapigakura wa Nyandarua walimrudisha Bungeni.

Mwanzoni mwa Machi 1975 jiji la Nairobi lilikuwa katika taharuki. Tarehe mosi bomu lililipuka ndani ya basi na kuua watu zaidi ya ishirini. Siku iliyofuata, Jumapili tarehe 2, JM alionekana akitoka katika hoteli ya Hilton, na baada ya hapo familia yake haikumwona tena akiwa hai. Siku zilipopita bila habari zake, umma uliambiwa kuwa amesafiri kwenda Zambia. Kumbe mwili wake ulikuwa umekwisha kuokotwa kichakani katika vilima vya Ngong, baada ya mchungaji wa mifugo kuugundua, na ulikuwa umelazwa katika chumba cha maiti cha jiji kama mwili wa mtu asiyejulikana. Wake zake ndio walioutambua. Alikuwa amebakiza siku chache tu kutimiza umri wa miaka 46.

Hapa ndipo kisa chetu kinapoanza kuijaribu methali. Bunge halikunyamaza. Tarehe 14 Machi 1975 liliunda kamati teule chini ya uenyekiti wa Elijah Mwangale. Kamati ilisikiliza mashahidi, ikafuatilia nyendo za marehemu, na ikapokea ushahidi kwamba aliondoka Hilton akiwa na Ben Gethi, kamanda wa kikosi cha GSU. Ililaumu polisi kwa kuficha ukweli, na ikataja watu ambao iliona wanastahili kuchunguzwa zaidi. Ripoti iliwasilishwa Bungeni tarehe 3 Juni, lakini kabla haijafika mezani majina mawili yalikuwa yameondolewa kwa amri ya Rais. La kwanza ni la Mbiyu Koinange, Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Rais na shemeji yake Kenyatta. La pili ni la Wanyoike Thungu, mlinzi wa Rais.

Ni muhimu tuwe waadilifu katika jambo hili. Kutajwa katika ripoti si kupatikana na hatia, na wala hapana mahakama iliyowahi kumhukumu yeyote kati yao. Lakini huko mahakamani ndiko walikozuiwa kufika. Mtu asiye na hatia ananufaika na uchunguzi sawa na anavyonufaika aliyedhulumiwa, ilhali karatasi iliyofutwa humwacha mmoja na tuhuma na mwingine bila haki.

Serikali ilitaka Bunge liipokee ripoti bila kuikubali. Wabunge walikataa, na ripoti ikapitishwa kwa kura 62 dhidi ya 59. Masinde Muliro, aliyekuwa waziri, pamoja na mawaziri wasaidizi Peter Kibisu na John Keen, walipiga kura kinyume na serikali, na wote watatu wakafutwa kazi. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, Martin Shikuku na Naibu Spika Jean-Marie Seroney walitiwa kizuizini bila ya kufikishwa mahakamani, baada ya Shikuku kudai kuwa kuna waliotaka kuliua Bunge jinsi walivyokiua chama cha KANU, naye Seroney kumuunga mkono. Kwa upande mwingine, hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji ya JM. Gethi alipandishwa cheo mwaka 1978 kuwa Kamishna wa Polisi. Walioadhibiwa ni waliouliza maswali.

Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyotolewa mwaka 2013 iliyarejelea mauaji hayo, lakini kufikia hapo wengi wa mashahidi na watajwa walikuwa wamefariki. Hivi ndivyo wenye mamlaka wanavyoponyoka. Si lazima ukweli ufichwe wote. Yatosha uandikwe, ujadiliwe, upigiwe kura, kisha uachwe ukizeeka rafuni bila kumfikia mwendesha mashtaka.

Kwa miaka kadhaa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliiadhimisha tarehe 2 Machi kwa maandamano, na wengine wao wakakabiliwa na polisi. Hawakuwa na uwezo wa kumshtaki mtu. Walichoweza kufanya ni kukataa kusahau, na ni kwa sababu ya watu wa aina hiyo kwamba majina mawili yaliyofutwa mwaka 1975 yanajulikana leo kuliko yale yaliyoachwa ndani ya ripoti. Kumbukumbu hiyo haiwezi kuchukua nafasi ya hukumu. JM bado anaidai Kenya kesi moja ambayo haijawahi kusikilizwa.