Daktari Carothers na hesabu ya langoni

Wanafunzi wanaoanza kusoma saikolojia hufundishwa kwanza majina ya waasisi. Hutajiwa Wilhelm Wundt, Mjerumani aliyefungua maabara yake mjini Leipzig mwaka 1879, akawataka watu waliofunzwa kazi hiyo waeleze kwa makini yanayopita nafsini mwao. Hutajiwa pia John Watson, Mmarekani ambaye mwaka 1913 aliyakataa masimulizi hayo ya ndani, akashikilia kwamba mtaalamu achunguze tabia inayoonekana tu. Mafunzo hayo ni mema. Lakini kwa maoni yangu, mwalimu wa Kenya hana budi kuongeza jina la tatu, si kwa kulisifu, bali kwa sababu maisha ya mwenye jina hilo yanaonyesha jinsi utafiti unavyoweza kupotoka na kuwaumiza watu. Naye ni John Colin Carothers.

Carothers alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1903, akasomea udaktari London, kisha akaja Kenya mwaka 1929 kuwa tabibu wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1938 alikabidhiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, iliyokuwa imefunguliwa mwaka 1910. Wakati huo hakuwa bingwa wa maradhi ya akili. Ujuzi aliupata kazini, na masomo rasmi ya fani hiyo aliyafuata baadaye Uingereza. Aliiongoza Mathari hadi mwaka 1950.

Tusimwonee. Kabla yake, madaktari Gordon na Vint walikuwa wamepima vichwa na ubongo wa Waafrika hapa Kenya wakitafuta upungufu wa kuzaliwa nao. Carothers alitazama mbali zaidi, akataja lishe, maradhi, malezi na utamaduni. Tena alikuwa mtu wa bidii aliyeweka kumbukumbu za wagonjwa wake. Kosa lake halikuwa uvivu. Lilikuwa kosa la njia.

Mwaka 1947 alichapisha uchunguzi wake kuhusu Waafrika waliolazwa Mathari. Aliwahesabu, akalinganisha idadi yao na wingi wa watu nchini, kisha akalinganisha na hesabu za ng'ambo. Aliona kwamba wendawazimu ni wachache mno miongoni mwa Waafrika wanaoishi makwao, na kwamba ugonjwa wa huzuni kuu ni nadra sana. Kutokana na hayo alijenga nadharia kwamba Mwafrika hubebwa na jamii yake, hana mzigo wa kujiamulia mambo, na kwa hiyo hana majuto yanayomwelemea Mzungu.

Sasa tuitazame hesabu hiyo kutoka huku kwetu. Kathonzweni ya siku hizo ilikuwa chini ya wilaya ya Machakos, na kutoka hapa hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 100. Ni mgonjwa gani wa Ukambani aliyefika Mathari? Aghalabu ni yule aliyepiga watu au kuchoma nyumba, au aliyekamatwa na polisi akitangatanga mjini. Mama aliyeshikwa na huzuni isiyokwisha, asiyekula wala kulala, hakumsumbua chifu. Alibaki nyumbani akitunzwa na jamaa zake, na akipelekwa popote, alipelekwa kwa mundu mue au kanisani. Jina lake halikuandikwa Mathari. Carothers alihesabu waliopita langoni, akadhani amelihesabu taifa. Uchache wa huzuni katika daftari lake ulieleza zaidi njia za kufika hospitalini kuliko nafsi ya Mwafrika.

Kosa hilo halikubaki daftarini. Mwaka 1951 aliandika kwamba Mwafrika hufanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, nacho kikasomwa ulimwenguni kama neno la mtaalamu. Mwaka 1954, wakati wa hali ya hatari, serikali ya kikoloni ilimwita kutoka Uingereza aeleze kiini cha Mau Mau. Aliwaona wapiganaji kama watu waliovurugwa nafsi kwa kuachana na mila zao, na kilio cha ardhi akakipa nafasi ndogo. Aliunga mkono pia mpango wa kuwakusanya Wakikuyu vijijini. Serikali ilikuwa na sababu zake za kivita, na ingefanya hivyo hata bila yeye. Lakini alipohamishwa mtu baada ya mtu, hata wakazidi milioni moja, elimu ya nafsi ilikuwa imekwisha kutoa idhini.

Frantz Fanon alimshutumu mwaka 1961. Nchini Nigeria, Thomas Lambo na wenzake hawakukaa hospitalini. Waliingia vijijini kwa Wayoruba, wakawahoji watu majumbani mwao, na matokeo yao, yaliyotoka mwaka 1963, yalionyesha kwamba huzuni ipo. Carothers alifariki mwaka 1989. Katika miaka ya 2010, watafiti Wakenya wakiongozwa na Profesa David Ndetei walikuja katika kaunti hii yetu ya Makueni, wakashirikiana na waganga wa jadi, viongozi wa dini na wahudumu wa afya wa jamii ili kuwafikia wagonjwa wasiofika hospitalini. Hao ndio waliokosekana katika daftari la Mathari.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kabla ya kuuliza akili hufanyaje kazi, mwanafunzi aulize ni nani aliyehesabiwa na ni nani aliyeachwa nje. Mwanafunzi wa Kathonzweni anaweza kuanza na utafiti mdogo: kwa nini watoto huacha shule? Akigawa maswali yake darasani, atapata majibu mengi nadhifu kutoka kwa watoto ambao hawajaacha shule. Mwalimu amrudishie karatasi hizo, na amtume sokoni, mashambani na kwenye machimbo ya mchanga, akawatafute wenyewe.