Mtakatifu Rita na Shati Lenye Damu



Tunapowafundisha wachumba, huwauliza juu ya mahari, watoto na kazi. Ni mara chache tunawauliza kila mmoja amerithi ugomvi gani kutoka kwao. Basi mwezi huu nawaletea maisha ya mke aliyeolewa katika ugomvi wa namna hiyo.

Rita alizaliwa karibu mwaka 1381 huko Roccaporena, kijiji cha milimani karibu na mji wa Cascia, nchini Italia. Siku hizo, mtu wa ukoo akiuawa, ndugu zake waliona ni wajibu wao kumuua mmoja wa upande wa pili. Deni hilo la damu waliachiwa watoto kama wanavyoachiwa shamba. Lakini wazazi wake Rita, Antonio na Amata, walikuwa watu wa kupatanisha majirani. Kwa hiyo, msomaji mpenzi, usidhani kila urithi ni mbaya. Naye Rita alirithi.

Alitamani utawa, ila wazazi walimwoza angali mdogo kwa Paolo Mancini. Masimulizi yanasema Paolo alikuwa mkali, na alikuwa ameingia katika magomvi ya vikundi vya pale. Rita aliomba, akavumilia, na baada ya miaka mume akabadilika, akaacha ugomvi. Hapa nisieleweke vibaya. Wako wanaume wanaomtaja Rita ili wake zao wapigwe na kunyamaza. Huo si utakatifu, mama. Ukipigwa, mwone padre wako, waone wazee, tafuta usalama wako na wa watoto.

Paolo aliacha uadui, lakini uadui haukumwacha. Usiku mmoja aliviziwa njiani akauawa. Rita akabaki na wana wawili waliokuwa wanaingia ujana, na ndugu za marehemu wakawa wanangoja vijana wale wamlipie baba yao kisasi.

Inasimuliwa kwamba Rita alilificha shati la mumewe lenye damu, watoto wasilione. Baba na mama, hebu tulifikirie shati hilo. Mara ngapi mezani tunawaonyesha watoto shati la zamani? Kwamba ami fulani alituibia mpaka wa shamba, kwamba watu wa nyumba ile walimroga babu, msile kwao. Mtoto hakuwapo, lakini kesho yeye ndiye atakayechukia, tena kuliko sisi. Rita hakuwaficha watoto kifo cha baba yao. Alificha kile ambacho kingewasha moto.

Hata hivyo vijana walishikilia kisasi. Mama akamwomba Mungu heri awachukue kuliko wawe wauaji. Wote wawili walikufa kwa ugonjwa, mikono yao haina damu. Sala hiyo ni nzito, na simshauri mzazi yeyote aiige. Lakini angalia aliogopa nini. Mzazi wengi huogopa mtoto asidharauliwe na ukoo. Yeye aliogopa mtoto asipotee mbele ya Mungu.

Akiwa hana mume wala mtoto, alibisha hodi kwa watawa wa Mtakatifu Augustino mjini Cascia. Walimkataa. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na jamaa za watu waliohusika katika ugomvi ule, na watawa waliogopa kuuingiza ndani. Rita alirudi kijijini, akaenda kwa ndugu za mumewe, kisha kwa ukoo wa wauaji. Fikiria mjane akikaa kwenye kiti cha watu waliomfanya mjane! Mwishowe pande zote mbili zilikubali amani, naye akapokelewa utawani.

Aliishi huko miaka ipatayo 40. Katika 15 ya mwisho alikuwa na jeraha kwenye paji la uso, kama la mwiba wa taji ya Bwana. Papa Leo XIII alimtangaza mtakatifu mwaka 1900. Karibu na mwisho wake, wakati wa baridi, alimwomba jamaa yake amletee ua la waridi kutoka bustani ya kwao, na inasimuliwa kwamba lilipatikana limechanua. Ndiyo maana sikukuu yake, tarehe 22 Mei, waamini huleta mawaridi kanisani yabarikiwe, kisha huyapeleka nyumbani.