Burkitt na saratani iliyofuata ramani ya mbu

Oktoba 1961, gari kuukuu aina ya Ford lililonunuliwa kwa pauni 250 liliondoka Kampala kuelekea kusini. Ndani walikuwamo madaktari watatu: Denis Burkitt, Ted Williams na Clifford Nelson. Mzigo wao mkubwa ulikuwa picha za watoto waliovimba mataya. Katika kila hospitali ya njiani waliuliza swali moja: ugonjwa huu mnauona hapa?

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Alipoteza jicho la kulia akiwa na miaka 11, lakini halikumzuia kuwa daktari wa upasuaji. Baada ya Vita Kuu ya Pili aliajiriwa Uganda, akaanzia Lira kisha Mulago. Mwaka 1957 aliitwa kumtazama mtoto wa miaka mitano aliyevimba pande zote nne za taya. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, akamwona mwingine mwenye uvimbe kama ule. Alipopekua majalada ya hospitali akagundua kuwa ni saratani moja, nayo iliwaua watoto haraka mno.

Kisu hakikusaidia, na Uganda haikuwa na mashine ya mionzi. Burkitt akajaribu dawa za saratani zilizokuwa bado changa. Baadhi ya watoto walipona kwa dozi ndogo tu, jambo lililowashangaza wengi. Je, kinga ya mwili wa mtoto ndiyo iliyomalizia kazi? Kutoka Nairobi, Dk. Peter Clifford alituma sampuli kwenye maabara ya George Klein mjini Stockholm. Huko ilionekana kuwa damu ya wagonjwa ilikuwa na kingamwili zilizozitambua seli za uvimbe.

Ile safari ya gari ilichukua wiki 10. Walipita Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia na Msumbiji hadi Afrika Kusini, takriban kilomita 16,000, wakitembelea hospitali zaidi ya 50. Waliporudi walikuwa na ramani: ugonjwa ulikaa mabondeni, kwenye joto na mvua, na ulikosekana nyanda za juu zenye baridi. Yaani palepale penye mbu wengi.

Kabla ya safari hiyo, Machi 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London, na Anthony Epstein alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein na wenzake wakatangaza kirusi kilichokuwa ndani yake. Ajabu ni kwamba kirusi hicho kimeenea duniani kote, ilhali saratani yenyewe imejikita kwenye malaria kali. Watafiti wanaeleza kuwa malaria ya mara kwa mara huchosha kinga inayokidhibiti.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966 na kufariki Uingereza mwaka 1993. Kituo cha kutibu saratani hiyo kilifunguliwa Mulago mwaka 1967. Leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda, na wagonjwa wake wengine huvuka mpaka kuifuata.