Robert Bosch: Fundi aliyezipa pikipiki moto wa plagi

Boda ya zamani ikigoma kuwaka pale Mwigobero, Musoma, hasara inaanza hapohapo. Abiria aliyeshuka kwenye boti hasubiri, anapanda nyingine. Hesabu ya bosi iko palepale. Dereva anakimbilia kununua CDI mpya, kumbe ubovu ulikuwa kwenye plagi.

Maisha ya Robert Bosch yanaonyesha kwa nini ni vizuri kuifuata kwanza njia ya moto.

Alizaliwa Septemba 23, 1861 huko Albeck, karibu na Ulm, Ujerumani. Alikuwa mtoto wa 11 kati ya 12. Alisomea ufundi, akaenda Marekani kufanya kazi kwa Thomas Edison, kisha Uingereza kwa Siemens.

Novemba 15, 1886 alifungua karakana yake Stuttgart. Walikuwa watatu tu: yeye, fundi mmoja na kijana wa kutumwa. Mwaka uliofuata mteja akataka kifaa cha sumaku cha kuwashia injini. Bosch hakukurupuka. Alikwenda kukichunguza kilichokuwepo tayari, akatengeneza chake na kukiboresha.

Mwaka 1897 kifaa hicho kilifungwa kwenye pikipiki ya magurudumu matatu ya De Dion-Bouton. Injini yake ilizunguka kasi kuliko kifaa, mpaka msimamizi wa kiwanda, Arnold Zähringer, akapata dawa. Mwaka 1902 Gottlob Honold, mhandisi wa Bosch, akakamilisha mfumo wa umeme mkali: sumaku inazalisha, waya unapeleka, plagi inatoa cheche.

Pikipiki kuukuu bado inafuata njia hiyohiyo, na ubovu unatafutwa humohumo, kuanzia penye gharama ndogo.

Fungua plagi, irudishe kwenye kofia yake, chuma chake kiguse injini, mbali na tundu lake na petroli. Shika sehemu ya mpira usije ukapigwa shoti, kisha piga kiki. Ukiona moto wa bluu wenye nguvu, hamia kwenye mafuta na kabureta. Ukiwa hafifu au haupo, jaribu plagi nyingine nzima.

Bado? Kagua kofia, waya na swichi ya kuzimia. Kama ni ya platini, angalia uchafu na nafasi yake. Inawaka asubuhi halafu inazima ikipata joto? Shuku koili. CDI iwe ya mwisho, na ikiwezekana azima nzima ya kujaribia kabla hujatoa hela.

Bosch alitajirika kwa moto huo. Mwaka 1906 alianzisha siku ya kazi ya saa nane kiwandani kwake, wakati wengi walikuwa bado wanafanyishwa kazi kwa saa nyingi zaidi. Lakini doa lipo pia: wakati wa Vita Kuu ya Pili, kampuni yake ilitumia watu waliolazimishwa kufanya kazi.

Alifariki Machi 12, 1942 jijini Stuttgart, akiwa na miaka 80. Jina lake bado limeandikwa kwenye plagi madukani. Ila kilicho cha bure kwa kila dereva ni ule utaratibu wake: chunguza kwanza, nunua baadaye.