Tsietsi Mashinini, kijana aliyeitwa Shida



Tarehe 16 Juni mtakuwa nyumbani. Hapa Afrika Kusini ni Siku ya Vijana na shule zinafungwa. Kwetu Afrika Mashariki tarehe hiyohiyo ni Siku ya Mtoto wa Afrika, na wazazi wenu huenda wanakumbuka maandamano ya shule, ngoma, na hotuba ndefu za wakubwa huku watoto wamesimama juani. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliiweka siku hiyo mwaka 1991 kwa sababu ya jambo lililotokea hapahapa Johannesburg, katika kitongoji cha Soweto, mwaka 1976. Wengi wenu mnamjua Hector Pieterson kwa ile picha yake. Leo nataka mumjue aliyekuwa mbele ya maandamano yale.

Alizaliwa tarehe 27 Januari 1957, Jabavu, Soweto. Jina lake la kwanza lilikuwa Teboho, ambalo kwa Kisotho ni shukrani. Jina la pili ni Tsietsi, yaani shida. Kwetu utamkuta Shukuru na utamkuta Shida, Tabu au Mashaka, lakini huyu alikuwa na yote mawili, na lililomshika ni la pili. Kwao walizaliwa watoto 13, naye alikuwa wa pili. Hebu fikirieni watoto 13 katika zile nyumba ndogo za Soweto mnazoziona mkipita na taksi.

Alisoma Morris Isaacson High School. Alipenda sana kusoma vitabu, aliongoza vijana wa kanisa la Methodist, na alikuwa kiongozi wa kikundi cha mdahalo shuleni. Hilo la mdahalo mlishike. Mtu anayejifunza mdahalo hulazimika kujua mwenzake anafikiri nini kabla ya kumjibu, na hulazimika kusoma magazeti, maana mdahalo wa maneno matupu watu huucheka. Kwa maoni yangu, siasa ya Tsietsi ilianzia hapo kabla hata hajajiunga na chama chochote.

Jambo la pili lilikuwa mwalimu. Abraham Onkgopotse Tiro alifukuzwa chuo kikuu mwaka 1972 kwa sababu ya hotuba aliyoisema waziwazi kuhusu elimu ya watu weusi. Mkuu wa Morris Isaacson akampa kazi ya kufundisha historia. Akawafundisha wanafunzi kuuliza historia waliyopewa imeandikwa na nani. Serikali haikumvumilia, akaondolewa, akakimbilia Botswana, na tarehe 1 Februari 1974 akauawa huko kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha posta. Wanafunzi wa Soweto hawakumsahau.

Sasa njooni kwenye lugha, maana sisi ni shule ya lugha. Mwaka 1974 serikali ya makaburu iliagiza kwamba shule za watu weusi zifundishe nusu ya masomo kwa Kiafrikana, na hesabu ikiwemo. Nyinyi mnaolalamika kuhusu ngeli, fikirieni mtihani wa hesabu kwa lugha ambayo hamuijui, na mwalimu wenu naye anaibabia. Hakuna aliyewauliza wanafunzi wala wazazi. Na ilikuwa lugha ya polisi, ya hakimu, ya karani wa vibali.

Amri ile iliwabana zaidi madarasa ya chini. Tsietsi alikuwa na miaka 19, kidato cha juu, na darasa lake halikuguswa. Angeweza kukaa kimya, amalize mtihani wake aondoke. Tarehe 17 Mei 1976 watoto wa shule ya Orlando West waligoma kuingia darasani, na shule nyingine zikafuata. Hawa ndio walioanza, walikuwa wadogo kwake, na yeye akaamua kwamba wakubwa hawawezi kuwaacha peke yao.

Jumapili tarehe 13 Juni wanafunzi walikutana kwenye ukumbi wa jamii kule Orlando. Tsietsi akapendekeza shule zote ziandamane pamoja Jumatano. Kamati ikachaguliwa, naye akiwa kiongozi wake. Kisha wakakubaliana jambo moja zaidi: wazazi wasiambiwe.

Wazazi wenzangu, hapa nataka nisimame kidogo nanyi. Wazazi wa Soweto waliwapenda watoto wao kama sisi tunavyowapenda wetu. Lakini walikuwa wameona Sharpeville mwaka 1960, polisi walipoua watu 69, na walikuwa wameona viongozi wao wakipelekwa Robben Island. Wakawaambia watoto: soma, achana na siasa. Sisi nasi tunasema hivyohivyo, tena kwa sababu zetu: kibali kinakaribia kuisha, na mtaani kuna watu wanaosema wageni warudi kwao. Nami nimeshalisema hilo mezani kwangu. Lakini tazameni: watoto wa Soweto hawakuacha siasa, waliacha tu kuwaambia wazazi. Asubuhi ya tarehe 16 mama alimwona mtoto akivaa sare na kubeba mkoba, akadhani ni siku kama nyingine. Mimi ningependa mwanangu abishane nami jikoni kuliko nisikie habari zake kwa jirani.

Asubuhi hiyo pale Morris Isaacson, Tsietsi aliwaongoza wenzake kutoka kwenye mkusanyiko wa asubuhi hadi barabarani. Walibeba mabango waliyoyaandika kwa mkono. Waliimba Nkosi Sikelel' iAfrika, ule wimbo ambao Watanzania mnajua tuni yake tangu chekechea, maana ndiyo tuni ya Mungu Ibariki Afrika. Maelfu kwa maelfu walikuwa wakielekea uwanja wa Orlando. Njiani Tsietsi alipanda juu ya trekta ili wote wamwone, akazungumza nao. Viongozi waliwasihi wenzao watulie na wasiwachokoze polisi.

Karibu na shule ya Orlando West polisi walifyatua mabomu ya machozi, kisha risasi. Hastings Ndlovu aliuawa. Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12, aliuawa. Sam Nzima alipiga picha ya Hector akiwa amebebwa na kijana mwenzake, dada yake akikimbia pembeni, na picha hiyo ikazunguka dunia nzima.

Mimi ni muuguzi, kwa hiyo mtaniwia radhi nikiwapeleka hospitali. Watoto waliojeruhiwa walifurika kwenye kliniki na hospitali. Inasimuliwa kwamba polisi walidai orodha ya wote wenye majeraha ya risasi ili wawashtaki, na madaktari wakakataa: kwenye kumbukumbu wakaandika kwamba mgonjwa ana jipu. Kazini kwetu tunafundishwa kwamba cheti cha mgonjwa hakiandikwi uongo. Ule uongo ningeuandika.

Ghasia zilienea nchi nzima. Tume iliyoundwa na serikali yenyewe ilihesabu watu 575 waliokufa hadi mwanzoni mwa mwaka 1977.

Ile kamati ikawa Baraza la Wawakilishi wa Wanafunzi wa Soweto, na Tsietsi akawa rais wake wa kwanza. Mwezi Agosti baraza hilo liliwaita watu wazima wasiende kazini, na safari hii wazazi wengi waliwasikiliza watoto. Polisi walitangaza zawadi ya rand 500 kwa atakayemtoa. Alilala nyumba hii leo, kesho nyingine, na watu wa Soweto bado wanasimulia kwamba alipita mbele ya askari amevaa nguo za kike. Mwishoni mwa Agosti akavuka mpaka kuingia Botswana. Hakuwaona tena wazazi wake nyumbani kwao. Mama yake, Nomkhitha, alikuja kuwekwa kizuizini kwa miezi kadhaa.

Vijana wengi waliokimbia mwaka ule walijiunga na ANC, na baadhi yao wakafika kwetu. Serikali ya Tanzania ilitoa ardhi ya shamba la zamani la mkonge, Mazimbu, Morogoro, na hapo wakajenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa Mamelodi aliyenyongwa mwaka 1979. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Ukienda Morogoro likizo, mwombe babu akupeleke.

Tsietsi hakupita njia hiyo. Alikataa kujiunga na ANC, akakataa na PAC. Alisema wanafunzi walisimama wenyewe, na vyama visijitwalie sifa. Huenda alikuwa na haki. Lakini uhamishoni asiye na chama hana anayemtafutia chakula, shule wala hati ya kusafiria. Alikwenda London, kisha Afrika Magharibi. Guinea alipokelewa na Miriam Makeba, yule aliyeimba Malaika mkaijua hata nyinyi. Alioa mwanamke wa Liberia, wakapata mabinti wawili, ndoa ikavunjika. Miaka ikapita. Magazeti yaliyokuwa yakimtafuta yakaacha kumtafuta. Hili huniuma kuliko zile mbio za kujificha: kijana wa miaka 19 ambaye dunia nzima ilimtaka ajibu maswali yake, kisha ikaacha kumuuliza hali.

Februari 1990 vyama vilifunguliwa na Mandela akatoka gerezani. Waliokuwa nje walianza kufungasha mizigo. Katikati ya mwaka huo Tsietsi alifariki Conakry, Guinea, akiwa na miaka 33, na familia yake haikuridhika na maelezo waliyopewa kuhusu kifo chake. Alizikwa tarehe 4 Agosti 1990 katika makaburi ya Avalon, Soweto. Karibu na shule yake, kwenye eneo la kumbukumbu ya 16 Juni, kuna sanamu yake. Kutoka hapo hadi makumbusho ya Hector Pieterson si mbali, na wazazi wenye gari wanaweza kuwapeleka watoto pote pawili kwa siku moja.

Darasa la wakubwa, Jumamosi baada ya sikukuu tuna mdahalo. Nchi hii raia huruhusiwa kujiandikisha kupiga kura akiwa na miaka 16, lakini hapigi mpaka afike 18. Mada yetu: aliyekwisha kujiandikisha aruhusiwe kupiga. Upande wako utaupata kwa kura ya karatasi asubuhi hiyohiyo, kwa hiyo jiandaeni kwa pande zote mbili. Ni Kiswahili tu, na kila mmoja alete habari moja aliyoisoma gazetini wiki hiyo. Wazazi mnakaribishwa. Viti vyenu viko nyuma, na tafadhali msiwanong'oneze majibu.