Mtakatifu Karoli Lwanga, kijana aliyekuwa tayari

Askari mwenye akili hangoji ngoma ya vita ilie ndipo autafute mkuki wake. Anaunoa siku za amani, anaushika kila siku, anaujua uzito wake. Ndivyo alivyo Mkristo mwema. Vishawishi na mateso huja bila kupiga hodi. Aliyesali na kujizoeza mapema atasimama; aliyelala ataanguka. Jambo hili linaonekana wazi katika maisha ya Karoli Lwanga.

Lwanga alizaliwa yapata mwaka 1860 katika jimbo la Buddu, nchi ya Buganda. Mwaka 1879 Mapadri Weupe walifika Buganda. Mmoja wao alikuwa Padri Siméon Lourdel, ambaye watu wa nchi walimwita Mapera. Lwanga aliposikia mafundisho ya dini alivutwa nayo, akaanza kujifunza. Alikuwa kijana mwenye nguvu na mwili mzuri. Alipenda kazi, na wenzake walimheshimu.

Mwaka 1884 mfalme Mutesa alikufa, na mwanawe Mwanga akawa Kabaka. Mwaka huo Lwanga aliingia katika boma la mfalme. Humo walikuwamo vijana wengi waliotumwa na wazazi wao kumtumikia Kabaka. Mkubwa wao alikuwa Mkristo, jina lake Yosefu Mukasa Balikuddembe. Lwanga aliwekwa awe msaidizi wake.

Maisha ya boma yalikuwa na hatari kubwa kwa roho. Kabaka Mwanga aliwashawishi vijana wake kwenye dhambi ya uchafu. Aliyekubali alipewa zawadi na cheo. Aliyekataa alijiletea hasira ya mfalme, na mfalme alikuwa na amri juu ya uzima na kifo cha kila mtu. Yosefu Mukasa hakuogopa. Aliwalinda vijana, akawafundisha kukataa.

Mwezi wa Oktoba 1885 Askofu James Hannington wa Waanglikana aliuawa kwa amri ya Kabaka, alipokuwa njiani kuingia Buganda. Yosefu Mukasa alimwonya mfalme kwamba ametenda vibaya. Kabaka alikasirika sana. Tarehe 15 Novemba 1885 Yosefu Mukasa alikatwa kichwa.

Siku hiyo watu wengi waliogopa. Lakini Lwanga alifanya nini? Hakukimbilia kwao Buddu. Alikwenda kwa Mapadri, akaomba ubatizo. Alijua kwamba yeye sasa atashika mahali pa marehemu, na kwamba njia ile inaweza kumfikisha kwenye kifo kile kile. Hakutaka kuingia katika vita mikono mitupu. Basi alibatizwa siku ile ile, akapewa jina la Karoli.

Tangu siku hiyo Karoli Lwanga akawa kama baba wa vijana wa boma. Wahenga husema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lwanga aliziba nyufa kila siku. Aliwafundisha vijana sala na katekisimu kwa siri. Alipoona kwamba Kabaka anamtafuta kijana fulani kwa nia mbaya, alimpeleka mbali na macho ya mfalme. Hakuwadanganya kwamba hatari itapita. Aliwaambia mapema kwamba huenda watatakiwa kuchagua kati ya Kabaka na Mungu, naye akawazoeza kutoa jibu hilo mioyoni mwao kabla halijaulizwa.

Kati yao alikuwamo mtoto mmoja, Kizito, mwenye umri wa miaka kama 14. Kizito alikuwa bado mkatekumeni, naye alitamani mno kubatizwa. Wanasimulia kwamba Lwanga alimwahidi kumshika mkono saa ya hatari itakapofika, wasimame pamoja.

Saa hiyo ilifika. Tarehe 25 Mei 1886 Kabaka alikuwa Munyonyo, kando ya ziwa. Alirudi kutoka mawindoni na uchungu moyoni, kwa kuwa hakupata kitu. Akaita watumishi, wasionekane. Akapata habari kwamba kijana Denis Ssebuggwawo alikuwa akimfundisha mwenzake dini. Kabaka akamchoma Denis kwa mkuki, kisha akamtia mikononi mwa wauaji. Akaamuru milango ya boma ifungwe na kulindwa, asitoke mtu.

Usiku ule vijana hawakulala. Lwanga aliwakusanya, wakasali pamoja. Padri alikuwa mbali, na wengine walikuwa hawajabatizwa. Basi Lwanga mwenyewe aliwabatiza vijana wanne: Kizito, Mbaga Tuzinde, Mugagga na Gyavira. Hivyo kulipopambazuka wote walikuwa tayari.

Asubuhi Kabaka aliwaita mbele yake. Akaamuru wale wanaosali wasimame upande mmoja. Karoli Lwanga alikuwa wa kwanza kutoka, Kizito naye pamoja naye, na wengine wakawafuata. Walipoulizwa kama wataendelea kuwa Wakristo, walijibu kwamba wataendelea mpaka kufa. Kabaka akaamuru wachomwe moto huko Namugongo. Padri Lourdel alikuwa amekuja kumsihi mfalme. Akawaona wakipita wamefungwa kamba, lakini hakuweza kuwaokoa.

Safari ya Namugongo ilikuwa ndefu na ya mateso. Ponsiano Ngondwe, Atanasi Bazzekuketta na Gonzaga Gonza waliuawa njiani. Wengine walipofika walifungwa karibu juma zima, huku wauaji wakikusanya kuni. Hilo nalo lilikuwa jaribu kubwa. Mtu aweza kuwa shujaa kwa saa moja. Kuwa shujaa kwa siku nyingi, huku njaa na kamba zikiuma, ni vigumu zaidi. Lakini vijana walisali asubuhi na jioni kama Lwanga alivyowazoeza. Mkuu wa wauaji, Mukajanga, alikuwa jamaa ya Mbaga Tuzinde. Alimsihi kijana aikane dini tu, naye angemficha. Mbaga alikataa.

Tarehe 3 Juni 1886, sikukuu ya Kupaa Bwana, waliongozwa kwenda kufa. Lwanga alitengwa na wenzake, akachomwa peke yake kwa moto mdogo ulioanzia miguuni, ili ateseke muda mrefu. Hakulalamika. Alisali kimya, na mwishoni alimwita Mungu, akakata roho. Wenzake walifungwa katika mafungu ya matete na kuchomwa pamoja. Waprotestanti nao walikufa mahali pale kwa ajili ya Kristo. Vijana watatu Wakatoliki waliachwa hai. Hao ndio waliosimulia baadaye yale waliyoyaona kwa macho yao.

Kabaka alidhani dini imekwisha, kumbe idadi ya Wakristo ilizidi kuongezeka. Mwaka 1920 Papa Benedikto XV aliwatangaza Karoli Lwanga na wenzake, jumla mashahidi 22, kuwa wenye heri. Mwaka 1934 Papa Pio XI alimweka Lwanga kuwa mlinzi wa vijana wa Afrika. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu. Sikukuu yao ni tarehe 3 Juni, na mahujaji wengi huenda Namugongo siku hiyo, wakiwamo wengine kutoka Kongo.

Karoli Lwanga alikuwa Mkristo kwa miezi sita na nusu tu tangu ubatizo wake. Nguvu yake haikutoka katika wingi wa miaka. Ilitoka katika sala ya kila siku, katika kukataa maovu madogo, na katika kuamua mapema. Watoto wapenzi, moto wa Namugongo haumngoji kila mtu. Lakini rafiki anayekuvuta uibe, uongo unaokuokoa na fimbo, uchovu unaokufanya uache sala, hivyo ni vishawishi vya leo. Anayevishinda vidogo hivyo anaunoa mkuki wake.

Maswali

1. Lwanga alifanya nini siku Yosefu Mukasa alipouawa?
2. Kwa nini vijana hawakulala usiku wa tarehe 25 Mei 1886?
3. Mukajanga alimsihi Mbaga Tuzinde afanye nini?
4. Taja kishawishi kimoja kinachowapata watoto wa shule, na njia ya kujitayarisha kukishinda.